Mashua ya Ndugu Wanne

Kila vuli nyumba ya Vreeland ilikula kabichi. Kabichi ya kuchemsha, kabichi ya siki, kabichi kwa nyama ya nguruwe. Nyama ikiisha, kabichi kwa kabichi.

Marretje Vreeland alikuwa na shamba zima la kabichi huko Bergen, katika jimbo la New Jersey. Wanunuzi walikuwa ng'ambo ya mto, mjini New York. Kabichi zilitakiwa kuvuka kabla ya barafu. Zisipovuka zitaoza, na watoto wake watapita majira ya baridi bila viatu.

Mashua ilikuwepo. Baba mkwe aliwaachia wanawe wanne: Hendrick, mume wa Marretje, kisha Gerrit, Teunis, na Jurrie, kitinda mimba. Mzee aliogopa wakubwa wasije wakamwonea mdogo. Kwa hiyo aliacha wosia: "Msifanye lolote juu ya mashua hii mpaka nyote wanne mkubaliane."

Mzee wa watu alisahau jambo moja. Jurrie hakuwa mtu wa kukubali. Ukimwambia leo Jumatatu, atakujibu tusiharakishe.

Mwaka huo, 1787, mashua ilianza kuvuja.

"Tununue lami tuzibe nyufa," alisema Marretje.

"Nakataa," alisema Jurrie.

"Hujasikia hata bei, shemeji."

"Na bei naikataa. Nilipigana vita ili nisiamrishwe na mfalme wa Uingereza. Leo niamrishwe na pipa la lami?"

"Ulipigana wapi wewe?" aliuliza Gerrit. "Si ulikuwa mpishi wa kikosi?"

"Na askari walikula!"

"Walikula. Ndiyo maana wengine walitoroka."

Walibishana mpaka supu ikapoa. Mwishowe walikubaliana jambo moja tu: kila mtu azibe sehemu yake. Wakachora mistari ya chaki, wakaigawa mashua mafungu manne. Watatu wakapaka lami. Fungu la Jurrie, la nyuma kabisa, likabaki kavu. Jurrie akalikalia, akipiga mluzi.

Wakapakia kabichi za ndugu wote, wakavuka. Pale gatini New York, ofisa wa ushuru akawazuia.

"Mmetoka nje. Lipeni ushuru."

"Nje gani?" Marretje alifoka. "Nyumba yangu si ile pale inayotoa moshi!"

"Ile ni New Jersey, mama. Hii ni New York. Hata ungetoka London ningekudai."

Wakaanza kuvutana maneno. Huku nyuma, mashua ilikuwa inashuka taratibu, kama bibi mnene anayekaa kwenye kigoda.

"Shemeji," alisema Marretje, "fungu lako linazama."

"Fungu langu halikuhusu."

"Linaondoka na yetu!"

Kabichi zikamwagika majini, zikaelea kuelekea baharini. Ofisa akazitazama zikipita. "Hizo zinazotoka," alisema, "hazina ushuru."

Waliivuta mashua mpaka ufukweni, wakachota maji, wakaziba fungu la Jurrie kwa matambara, wakarudi nyumbani wamelowa chapachapa. Walimkuta Bibi Lysbet jikoni. Huyu alikuwa mkunga. Alizalisha wanawake pande zote mbili za mto, na kila nyumba alisoma gazeti kabla mtoto hajafika. Waliposimulia, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Usipoziba ufa wa mashua, utaogelea! Nyinyi mmefanya vilevile kama nchi yetu."

"Nchi imefanyaje?" aliuliza Marretje.

"Baada ya vita tulibaki majimbo kumi na matatu. Tulimwogopa mfalme mwingine, basi tukaunda serikali isiyo na meno. Ile Kongresi, baraza la majimbo yote, inaomba fedha, haiamrishi. Inaomba askari, haiamrishi. Kila jimbo linatoza ushuru mizigo ya jirani. Na kubadili mkataba unaotuunganisha kunataka majimbo yote kumi na matatu yakubali. Kumi na mawili yakikubali, lile jimbo dogo la Rhode Island linakataa."

Wote wakamgeukia Jurrie.

"Mnaniangalia nini?"

"Lakini kiangazi hiki," Bibi Lysbet aliendelea, "wajumbe walikutana Philadelphia. Walifunga madirisha na milango wasisikiwe, joto likawapika. Wametoka na katiba mpya. Majimbo tisa yakiikubali, inaanza kazi kwa hayo tisa. Kutakuwa na bunge la kutunga sheria, rais wa kuzitekeleza, na mahakama ya kuamua ugomvi. Na jimbo halitatoza tena ushuru kabichi ya jimbo jirani."

"Basi tuifuate hata kwenye mashua," alisema Hendrick. "Wosia wa baba umetuzamisha; watatu wakikubali, inatosha."

"Mimi nina kabichi nyingi kuliko wote," alidakia Gerrit. "Kura zangu ziwe nyingi."

"Ili utumeze?" alisema Teunis.

"Ugomvi huo walikuwa nao wao pia," alisema Bibi Lysbet. "Wakaunda mabaraza mawili. Katika moja, jimbo lenye watu wengi lina viti vingi. Katika jingine kila jimbo lina viti viwili, kubwa kwa dogo. Sheria ipite kote kuwili."

Marretje aligonga meza. "Basi Gerrit apate nafasi kubwa ya mzigo. Kura, kila mtu moja."

Jurrie alivuta kiti karibu. Kisha akasema polepole, "Na watatu wakiamua kuuza ng'ombe wangu?"

Marretje aliona kuwa shemeji yake hakuwa mbishi tu. Alikuwa anaogopa.

"Mashua ni ya wote," alimwambia. "Ng'ombe ni wako. Tutaandika kwamba wengi hawana ruhusa ya kumgusa."

"Hata kwenye katiba hiyo watu wanadai haki zao ziandikwe," alisema Bibi Lysbet.

"Na watumwa wa shamba la jirani?" aliuliza Marretje. "Wameandikiwa haki gani?"

Bibi Lysbet aliacha kutabasamu. "Hakuna. Hilo ni tundu ambalo hawakuliziba. Siku moja litazamisha watu."

Kura ya mashua ilipigwa palepale. Watatu walikubali. Jurrie alikataa, kwa mazoea.

"Sawa," alisema Marretje. "Sasa tunahitaji mkaguzi wa lami. Nampendekeza Jurrie."

Mikono mitatu ikapanda. Jurrie akatazama huku na huku. Akapandisha na wake.

Kabla ya Krismasi, New Jersey iliikubali katiba. Kiangazi kilichofuata jimbo la tisa lilikubali, na New York nayo ikafuata. Serikali mpya ilipoanza kazi, kabichi za Bergen zilivuka bila ushuru. Watoto wa Marretje walipata viatu, nao walivilalamikia kwamba vinabana.

Asubuhi moja ya vuli mashua ilikuwa imejaa, upepo mzuri, lakini haiondoki. Jurrie alikuwa amepiga magoti, kidole ndani ya ufa.

"Hapa pamepakwa ovyo. Shusheni kabichi."

"Jurrie, tumeshapaka mara mbili!" alilia Hendrick.

"Sheria ni sheria, kaka. Shusha."

Gerrit akaanza kushusha. "Mfalme tuliyemfukuza," alinong'ona, "alikuwa nafuu."

"Nimesikia," alisema Jurrie. "Una haki ya kusema. Lakini shusha."

Marretje akafungua pipa la lami.