Bloki ya Shaba na Mtamba wa Mama

Siku hiyo stendi ya Misuna, Singida, ilikuwa imefurika. Mabasi ya Dar yanaingia, ya Mwanza yanatoka, wauza kuku wanakimbilia madirishani. Yustina alikuwa amekaa nyuma ya chupa zake za mafuta ya alizeti, khanga ya njano kiunoni, kijana mmoja alipomjia amekumbatia boksi kubwa kama mtu aliyebeba mgonjwa. Shati lake jeupe lilikuwa limegandana na mgongo kwa jasho.

"Dada, naomba niangalizie hili boksi nikatafute bajaji. Usiliinamishe, ndani kuna maji."

"Maji ya nini?"

"Ni kompyuta. Inapozwa kwa maji."

Yustina akamwangalia toka kichwani mpaka viatuni. "Yaani kompyuta inaoga, halafu wewe mwenyewe unanuka basi?"

Kijana akacheka mpaka boksi likatikisika, akashtuka, akanyamaza. "Naitwa Naftali."

"Sijakuuliza."

"Basi utaniuliza kesho nikija kununua mafuta."

Kesho yake akaja. Akaendelea kuja hata wiki ambazo chupa ya kwanza ilikuwa haijafika nusu.

Naftali alikuwa na chumba cha kuhariri video za harusi karibu na soko. Jioni Yustina akishafunga biashara hupitia pale, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama. Ubavu wa kompyuta ulikuwa wa kioo. Maji yalitoka kwenye kitangi kidogo, yakapita kwenye bloki ya shaba iliyokaa juu ya ubongo wa mashine, yakabeba joto kulipeleka kwenye feni, yakarudi.

"Kumbe ina damu," Yustina alisema siku ya kwanza.

"Nilikuwa natafuta mtu wa kuielewa," Naftali akajibu, na toka hapo hawakufichana kwamba wanapendana.

Mwezi wa sita Naftali alikwenda Sekenke kurekodi harusi, ufunguo wa chumba akamwachia Yustina. Asubuhi akapiga simu.

"Mama watoto, umeshafungua ofisi?"

"Watoto gani? Maliza ng'ombe wa mahari kwanza."

"Wawili si wameshafika kwenu? Bado mtamba wa mama yako, anakula majani Unyambwa kwa mjomba. Hebu angalia kitangi, maji yako kwenye alama?"

"Yameshuka."

"Ongeza, mpenzi. Chupa ya maji yake iko chini ya meza."

Chupa ilikuwa tupu. Yustina alipompigia kumwambia, hakupatikana. Basi akachota maji ya kisima, akayachemsha, akayapoza, akayachuja kwa kitambaa cheupe, kama anayemwandalia mtoto mchanga. Akajaza mpaka kwenye alama.

Naftali aliporudi akambusu kwenye paji la uso. "Mikono yako naiamini kuliko yangu." Tangu hapo kuongeza maji ikawa kazi ya Yustina. Maji yalikuwa yale yale, ya kisima, yamechemshwa vizuri. Hakuona kama ni jambo la kusema.

Ilipofika mwezi wa tisa mashine ikaanza kuchemka. Inazima katikati ya kazi, video ya saa nzima inapotea. Ndugu wa maharusi wakawa wanapiga simu toka alfajiri. Damiani, rafiki yake wa Dar aliyemuuzia mashine, akamwambia bloki ile ni ndogo, anunue kubwa.

Na cha kuuza kilikuwa kimoja tu.

"Nikiuza mtamba," Naftali alisema akizunguka chumbani, "nanunua bloki, namaliza harusi za msimu, narudisha mtamba mwingine Krismasi. Lakini wazee wako nimewaahidi kumleta Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na wameshanisogezea siku mara mbili. Nisipouza, kazi ndiyo inakufa hivyo."

Yustina alikuwa ameinama karibu na kioo. Kifuniko cha bloki kilikuwa angavu, na ndani yake aliona ukoko mweupe umeziba vijia vya maji. Alikuwa anaujua. Ni ule ule wa kwenye birika la kwao, ambao mama yake huutoa kwa ndimu kila mwezi, maana maji ya visima vya Singida yana chumvi. Bloki haikuwa ndogo. Yeye ndiye aliyeiziba.

"Wewe unasemaje?" Naftali akamuuliza. "Ninunue au niache?"

Sentensi moja ilitosha. Lakini akakumbuka lile neno la mikono yake kuaminiwa, akaona aibu.

"Wewe ndiye fundi," akasema.

Mtamba akauzwa Jumatatu. Mnunuzi akampakia kwenye lori, akaenda naye Dodoma. Alhamisi bloki mpya ikafika, na mchana huo huo simu ya Yustina ikaita.

"Nimefungua ile ya zamani. Yustina, ulikuwa unaweka maji gani?"

"Ya kisima. Nilikuwa nayachemsha."

"Nimeisugua kwa ndimu," Naftali akasema taratibu. "Nimeirudisha. Inafanya kazi kama mpya. Ulikuwa unajua siku ile nilipokuuliza?"

"Nilikuwa najua."

"Maji ningekusamehe kabla hujamaliza kusema."

Jumamosi Naftali alikwenda kwa kina Yustina bila mtamba, bloki mpya mfukoni, amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Akaeleza kwamba mashine ilikuwa na shida, akakosea hesabu. Yustina hakumtaja hata mara moja.

"Kosa ni langu!" Yustina akasema toka mlangoni. "Mimi ndiye niliyeharibu, nikanyamaza."

Mama yake, Klara, alikuwa ameshafagia zizi. Akaitazama ile bloki mpya aliyoomba kuiona, imeenea kwenye kiganja. "Mtamba wangu ndiye huyu?"

Mzee Ezekieli, baba yake Yustina, akajikohoza. "Kijana, sikuchukii. Lakini nimewakalisha ndugu zangu mara tatu. Kuna watu wa Itigi, wanaomposea Enock muuza asali, nimekuwa nikiwazuia kwa ajili yako. Sasa siwazuii tena. Ng'ombe wako wawili utawachukua kesho."

Akawachukua. Yustina aliwatazama wakipanda njia ya Unyambwa mpaka vumbi likatulia.

Wiki mbili baadaye, watu wa Itigi wakiwa wameshakuja na posa yao kupokelewa, alijifungia chumbani akampigia Naftali.

"Mpenzi."

"Usiniite hivyo, nitashindwa kukata simu."

"Usikate basi."

"Umekula?"

"Sijala."

"Ukale."

"Naftali, hivi ningesema..."

"Tungekuwa tumeshaoana, Yustina."

Aliziba mdomo kwa khanga asisikike ukumbini. Upande wa pili naye alikuwa anapumua kwa shida. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kukata. Wakakaa hivyo, simu sikioni, mpaka vocha ilipoisha.