Jiwe Chini ya Chumba cha Mama

Kila Jumapili fundi mwashi alikoroga saruji kidogo kwenye karai, akaziba ufa katika chumba cha mama yake mzazi. Kila mvua iliponyesha, ufa ulirudi, tena mpana zaidi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema kwa majivuno.

"Umeuziba mara nne," alijibu mkewe. "Mhamishe mama kwanza."

"Nimejenga juu ya mwamba. Nilipiga mtaimbo chini, ukalia. Fundi hapa nani?"

Mkewe alimwita jirani yao, mwanamke mchimba visima. Jirani alichimba kando ya msingi, akachungulia, akaguna.

"Shemeji, ulipiga mtaimbo mahali pangapi?"

"Kona moja. Si ulilia?"

"Nyinyi waashi, chochote kinachokataa jembe mnakiita mwamba. Kwetu wachimba visima, mwamba ni ule uliotanda chini kote. Hili ni jiwe tu. Liliporomoka zamani kutoka mlimani, likalala juu ya udongo. Udongo ukilowa, kona hii inabaki, ile inazama. Ufa unatoka chini, hauzuiliki kwa saruji ya juu. Mtoe mama leo."

Fundi alicheka sana. Afundishwe kazi na mwanamke? Mtaa ungesema nini? Huo ulikuwa ujinga, na ujinga wa mtu anayejua kazi ndio mbaya zaidi.

Siku ya tatu mvua ilinyesha kutwa. Ukuta ukaanguka. Mama alitolewa akiwa hai, lakini nyonga ilikuwa imevunjika. Alipotoka hospitali alipelekwa kwa binti yake.

Fundi aliibomoa nyumba yote. Safari hii alichimba shimo kila kona, na jingine katikati. Mtaimbo ulipolia hakuacha. Jirani alimwonyesha kupanua shimo ili waone kama jiwe lina mwisho. Lenye mwisho walilitoa, wakaendelea kuchimba. Mashimo yote yalipofika kwenye mwamba mmoja, ndipo akaanza msingi.

Masika mawili yamepita. Nyumba haina ufa hata mmoja, na waashi wengine mtaani sasa wanachimba vivyo hivyo.

Juzi fundi alikwenda kwa dada yake kumchukua mama.

"Mama, chumba chako kiko tayari. Twende nyumbani."

Mama aliyaegemeza magongo yake ukutani.

"Nyumba naiamini, mwanangu. Lakini siku ile jirani alipokuambia unitoe, nilikuwa chumbani. Nilikusikia ukicheka."