Nywele za Mpima Misumari

Dukani kwa mzee Zahor, pale Tegeta, asubuhi ya Jumamosi hakuna foleni; kuna kusukumana. Mafundi wanaitisha simenti, wenye nyumba wanalilia bei ya rangi, na nyuma ya kaunta Badriya, binti wa mwenye duka, anapima misumari kwenye mizani iliyobonyea upande mmoja. Siku hiyo baibui lake jeusi lilikuwa limekwisha geuka kijivu kwa vumbi. Ushungi tu, wa rangi ya bizari, ndio ulikuwa bado unang'ara.

Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu, shati limejaa unga wa mbao. Alishika karatasi ya msasa, anaipitisha polepole shavuni.

"Kaka, huo msasa unanunua au unanyolea ndevu?" Badriya alimuuliza.

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, meno yote nje.

"Najaribu ukali wake, sista. Vidole vyangu vishakufa ganzi, shavu ndo linajua. Na wewe je, unaongea na misumari?"

Badriya alishtuka. Kumbe midomo ilikuwa inacheza! Ndivyo alivyo: mikono ikipima, kichwa kinatunga. Na mashairi yake hayakuwa ya mwezi wala waridi. Yalikuwa ya ndoo zinazosubiri maji, ya fundi aliyejenga nyumba kumi na bado anapanga chumba. Hakuna mtu aliyewahi kuyasikia.

"Natunga shairi," alijibu, akajishangaa mwenyewe kwa kusema kweli.

Kijana aliuweka msasa juu ya kaunta. "Basi wewe ndiye tunayekutafuta."

Jina lake Mfaume, mchonga vinyago wa Chamazi, wazazi wake watu wa Mtwara. Yeye na wenzake walikuwa wanaandaa maonyesho kwenye ukumbi mmoja wa Kinondoni: picha, vinyago, hadithi na mashairi mapya, yote ya maisha ya kila siku. Twiga na simba wa kuuzia watalii marufuku. Maonyesho yangefungwa kwa usomaji wa mashairi.

"Uje usome," alisema. "Kwa jina lako, mbele za watu."

Maneno hayo yalimkaa Badriya rohoni, na aliyeyasema naye akakaa humo humo. Tangu siku hiyo msasa wa Mfaume ukawa unaisha kila wiki.

"Kwani Chamazi yote hakuna msasa?" Badriya alimtania kwenye simu.

"Upo, ila hauuzwi na mtu kama wewe, mpenzi."

"Mpenzi tena! Nani kakupa ruhusa?"

"Mbona hujakata simu?"

Hakukata. Walipendana hivyo, kwa simu na kwa kaunta iliyosimama katikati yao, na hawakuwahi kukaa peke yao hata mara moja. Mfaume alimwambia anamchongea kitu cha mpingo, atakiona hapo hapo ukumbini. Badriya naye alimsomea shairi lake jipya:

*Nimepima misumari ya milango yote ya Tegeta,*
*mlango wangu mie bado haujapigwa msumari.*

"Soma tena, mama," Mfaume alisema.

Maonyesho yakafunguliwa. Siku chache kabla ya usomaji, jirani yao Chausiku aliingia dukani, hata salamu hakutoa.

"Mzee Zahor, nimetoka Kinondoni kumwona mtoto wa dada yangu anayechora. Binti yako kachongwa kule, anapima misumari, sura yake kabisa! Tena kichwa wazi, nywele nje."

Mzee Zahor hakupandisha sauti. Aliweka chini kopo la rangi, akamgeukia Badriya.

"Huyo aliyekuchonga amekuona wapi kichwa wazi?"

"Hajaniona, Baba. Wallahi hajaniona."

"Amechongaje asichokiona?"

Mzee akasema basi, Kinondoni hakuna kwenda, na mashairi yaishie hapo hapo kwenye mizani. Binti aliingia stoo, akalia juu ya mifuko ya simenti, kisha akampigia Mfaume kwa hasira.

"Umenivua nguo, Mfaume! Mbele ya mji mzima!"

"Mie? Badriya, nilikuchonga kwa heshima. Nilianza na ushungi, ukawa kama kofia ya bodaboda. Nikasema ngoja niweke nywele, uso upate kuonekana. Nilibuni tu."

"Kwenu ni kubuni. Kwetu ni kusema uliingia ndani ukaniona."

Mfaume akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe. Leo hii naenda kukiondoa. Nitakipasua kuni."

Hapo ndipo Badriya alipofuta machozi. Kikipasuliwa, watu watasema kumbe ni kweli, wameficha. Na yeye atabaki kupima misumari na kutafuna maneno hadi anazeeka.

"Hukipasui," alisema. "Kesho baada ya alasiri kilete hapa dukani, uje nacho kwa mlango wa mbele. Baba hajakiona, kasikia tu. Atakiona."

"Mzee wako ataniua."

"Basi ufie hapa nikuone. Lete."

Kesho yake Mfaume aliingia na kiroba begani, kanzu nyeupe imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Badriya alikuwa amekwisha mwita shangazi yake Munira, dada mkubwa wa mzee Zahor, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki.

"Asalaam aleikum. Shikamoo, mzee."

Mzee Zahor aliitikia salamu kwa shida. Shikamoo aliiacha ining'inie.

"Kiweke kaunta," Badriya alisema.

Kilipotoka kwenye kiroba, Badriya alijiona. Mabega yake, kidole chake kikizuia mizani, midomo imefunguka kidogo katikati ya neno. Na juu yake, mistari minene ya nywele zilizosukwa kuelekea kisogoni. Alikipenda, na alikiogopa.

Shangazi Munira alivaa miwani. Akasogea, akatazama, akazunguka nyuma ya kinyago. Kisha akaangua kicheko, kicheko hasa, hadi akashika kaunta.

"Zahor, ndugu yangu, umegombana na mtoto kwa nywele hizi? Kichwa hiki nakipaka mafuta mie tangu hakijaota meno. Hizi si nywele za Badriya! Wala hazikaribii!"

"Una hakika?"

"Angekuwa kamwona angechonga hivi? Huyu kijana hajui lolote, maskini."

Mafundi walicheka. Mfaume alijifuta jasho. "Ni za mama yangu, mzee," alisema. "Nywele za mwanamke nizijuazo ni za mama tu."

Mzee Zahor hakucheka. Alikuwa amepitisha kidole kwenye mizani ya mpingo, mahali palipobonyea. "Hapa palibonyea nilipoiangusha mizani," alisema taratibu, "siku tuliyofungua duka." Alikitazama tena kinyago, sasa akimwona binti yake. "Na hapa midomoni, unasema nini?"

"Natunga, Baba."

Akamsomea shairi lake la misumari, pale pale, mbele ya mafundi na ndoo za rangi, sauti ikimtetemeka kisha ikisimama. Alipomaliza, mzee Zahor alikohoa, akasema ukumbini atampeleka yeye mwenyewe.

"Lakini hicho kichwa wazi?" mzee aliuliza.

Badriya aliuchukua ushungi wake mwingine wa bizari, akakifunga kinyago barabara, mkunjo kwa mkunjo. Hivyo ndivyo kilivyosimama Kinondoni siku aliposoma kwa jina lake. Mlangoni, makofi bado yanasikika ndani, Mfaume alimnong'oneza.

"Sasa niambie basi. Nywele zako zikoje?"

"Kamlete mama yako Tegeta, ndo utajua."

"Na mzee akikataa?"

"Mzee niachie mie. We mlete mama."

Jumapili iliyofuata Badriya alikaa chumbani, sikio kwenye pazia. Sebuleni aliingia Bi Mwajabu, mama yake Mfaume, na wazee wawili wa ukoo wao, wameleta posa. Alipokuwa anainama kukaa mkekani, kanga ilimteleza kichwani. Shangazi Munira akapiga kofi.

"Ewaa! Nywele hizi nazijua! Karibu, dada, wewe tulishakupokea zamani, mlango wa mbele."

Nyumba nzima ikacheka, na kicheko cha mzee Zahor kilikuwemo. Kikatulia, akageukia pazia.

"Badriya, kuna watu hapa wanataka jibu."

"Waambie ndiyo, Baba," Badriya alijibu, kabla hajamaliza kuulizwa.