Marehemu Ametia Saini

"Mtoe mgeni Ibighi. Mlete Nkunga sasa hivi. Mgomba."

Chini ya maneno hayo, kwenye Tecno ya Hajira, iliwaka alama ya kijani. Kijani maana yake saini ni halali.

Hajira hakukipenda kijani kile.

Aliigusa bastola yake, Glock, kiunoni, akamtazama Lilian, yule mgeni, aliyekuwa akimenya viazi kama mtu asiyejua kwamba anawindwa. Alijua sana. Alikuwa akifungasha parachichi ghalani, na siku moja alifungua kreti akakuta bunduki chini ya matunda. Kesho angesimama mahakamani Mbeya aseme kreti zile ni za nani. Wenye kreti walitaka kesho isimkute hai.

"Kuna nini, dada?"

"Endelea kumenya."

Mgomba kilikuwa kikosi cha siri cha kulinda mashahidi, watu watano, na yeyote kati yao aliweza kutia saini kwa niaba ya wote. Anayepokea ujumbe anajua umetoka Mgomba, basi. Umetoka kwa nani, hajui. Ndiyo kinga yenyewe: adui akiudaka, hana wa kumfuata nyumbani. Mtu akijiunga anapewa ufunguo wake. Akitoka, mtunza funguo anamwondoa, na tangu hapo saini yake inawaka nyekundu.

Mambo safi kabisa. Ila leo kinga hiyohiyo ilikuwa imemfunika msaliti.

Alimpigia Athuman, mwenye duka la vipuri mtaa wa jirani uitwao Bagamoyo.

"Umesaini wewe?"

"Mimi? Wallahi simu sijaigusa. Niko msibani."

Akampigia Tulinagwe, nesi.

"Siyo mimi. Na wewe je?"

Swali lile lilimchoma. Kumbe na yeye anashukiwa!

Akampigia bosi wa kikosi, Mbeya.

"Saini ni halali," bosi alisema. "Tekeleza."

"Fichueni kwanza ni ya nani."

"Kufichua kunataka kibali cha Dodoma. Mpaka kesho."

"Kesho tutakuwa tunazika," Hajira alisema, akakata.

Walibaki wawili: Mzee Nsajigwa, mtunza funguo, na Ezron. Lakini Ezron alizikwa juzi.

Hajira akasimama ghafla.

"Jifunge kanga, Lilian. Tunakwenda kulia."

Nyumbani kwa marehemu, mvua ilikuwa inapiga turubai, ngoma zinalia, wanawake wamejaa mikekani. Hajira alimkalisha Lilian katikati yao, kanga hadi puani. Kumtafuta mtu mle ni kujiumiza macho bure. Athuman akasogea karibu, Beretta chini ya kanzu.

Hajira akamvuta Mzee Nsajigwa nyuma ya jiko.

"Mzee, Ezron umeshamwondoa kikosini?"

Mzee alimtazama kama ametukanwa.

"Mwe! Nimwondoe na matanga hayajaanuliwa? Watu bado wanalala chini, mimi nimfute mwenzangu kama chaki ubaoni? Mjane wake nitamtazama vipi?"

Hasira na huruma vikagombana kifuani mwa Hajira. Heshima ya mzee ilikuwa imeacha mlango wazi.

"Simu yake iko wapi?"

Aliyejibu ni Agness, mjane mwenyewe, aliyekuwa amefuata maji jikoni. "Anayo shemeji Meshaki. Nilimpa na namba ya siri, apokee pole za watu. Katoka tangu asubuhi, kaenda Nkunga kufuata ndizi za msiba."

Ndizi! Nyuma ya nyumba migomba imeinama kwa mikungu, mtu kafuata ndizi Nkunga!

"Shikamoo mama, na pole sana," Hajira alisema taratibu. "Ufunguo wa mumeo unatumika kumwita mtu akauawe."

Agness alifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Mtoeni," alisema. "Baba Sabrina hakuwahi kumdhuru mtu. Asianzie kaburini."

Hajira akaandika kwanza: "Gari limekufa kwenye kizuizi cha polisi Nkunga. Njooni mumchukue mgeni. Wapeni askari saini mpya." Akatuma kwa Mgomba wote, simu ya Ezron ikiwemo. Kisha akamwashiria mzee, naye akabonyeza kumwondoa Ezron, machozi yakidondokea kioo cha simu.

Nje, Land Cruiser ya Hajira ilikuwa tayari inanguruma.

Kizuizini, ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya chai. Hilux nyeupe ikasimama. Meshaki akashuka na kitambaa cheusi cha msiba mkononi, hana wasiwasi hata chembe.

"Mgomba," alimwambia askari, akatia saini kwa simu ya marehemu. Simu ya askari ikawaka.

Nyekundu.

"Rudia," askari alisema.

Akarudia. Nyekundu.

"Mtandao huu! Asubuhi ilikubali!"

"Asubuhi kaka yako alikuwa bado hajaagwa na kikosi," sauti ilisema nyuma yake.

Meshaki alipeleka mkono kotini. Hajira alimtandika teke la goti kabla haujafika, akaanguka kwenye tope. Hilux ikarudi nyuma kwa kasi.

Paa! Paa!

Matairi yakapasuka, gari likazama mtaroni. Askari wakawatoa waliokuwemo, mikono kichwani. Nyuma ya Hilux kulikuwa na SMG mbili na beleshi. Ndizi, hata moja.

"Simu ni urithi wangu!" Meshaki alifoka.

"Simu, ndiyo. Saini hairithiwi."

Redio ikakoroma; ni bosi. "Mgeni yuko wapi?"

"Analia msibani. Mzima kabisa."

Aliporudi kumchukua Lilian, Agness alimshika mkono. "Nafasi ya mume wangu mtaiacha wazi?"

"La mzee hilo," Hajira alijibu.

Kesho yake, Athuman akiwa kwenye usukani, Mzee Nsajigwa kando ya Lilian na Tulinagwe zamu wodini, gari lilisimama mbele ya mahakama, Mbeya. Tecno ikatetemeka.

"Msibani shwari. Hakuna aliyewafuata. Mpandisheni mgeni kizimbani. Mgomba."

Kijani.

Kati yao wanne, hakuna aliyekuwa msibani. Hajira aligeuka akamtazama Mzee Nsajigwa, mtoa funguo. Mzee alikuwa anatazama nje ya dirisha kama hajui lolote.

Hajira alifungua mdomo amuulize. Akaufunga.

Alimsindikiza Lilian hadi mlangoni, akamwona akiingia, akaiweka simu mfukoni na kuvuka barabara kutafuta chai.