Chipukizi la Mgomba Ndani ya Begi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku aliimwagilia migomba ya bibi yake. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku ya safari, hata hivyo, alitulia kama maji mtungini. Ndani ya begi lake, katikati ya nguo, kulikuwa na chipukizi la mgomba lililofungwa kwenye gunia bichi.

Bibi ndiye aliyelichimba. Alisema kuwa baba yake Kasuku, fundi wa kuchomelea vyuma huko ng'ambo, alikuzwa kwa ndizi za shamba lile, basi huko pia apate mgomba wake.

"Usimwambie mama yako," alimnong'oneza. "Yeye ni mwoga kama kunguru."

Kasuku na mama yake walipofika bandarini, ukumbi wa abiria ulikuwa umejaa watu. Nje ya madirisha winchi zilishusha makontena. Ndani, ofisa uhamiaji aligonga mihuri kwenye pasipoti. Kasuku hakuwa amemwona baba yake kwa miaka miwili. Meli nyingine ingekuja baada ya mwezi, na viza zao zingekuwa zimekwisha muda.

Mwisho wa foleni alisimama mkaguzi wa mimea, mwanamke mrefu mwenye miwani. Alimuuliza kila abiria kama amebeba mbegu, miche au udongo. Kijana aliyewatangulia alijibu kwamba hana, kisha furushi la miche likatolewa kwenye sanduku lake. Aliondolewa kwenye foleni, na safari yake ikaishia pale.

Zamu yao ilipofika, mama alijibu bila wasiwasi kwamba hawana kitu. Kasuku alilitazama begi. Akisema, bibi ataaibika. Asiposema, mama ndiye atakayeonekana mwongo. Mkono wa mkaguzi ulikwishashika zipu ya begi.

"Mama hajui," Kasuku alisema. "Nina chipukizi la mgomba. Nimelificha mimi."

Mama alimgeukia ghafla. Mkaguzi alifungua begi, akalifungua gunia. Aliliweka chipukizi kwenye sinia la bati, akalipasua kwa kisu. Nje lilikuwa zuri kabisa. Ndani lilijaa matundu meusi, na funza wanene walijipinda humo. Honi ya meli ililia, na Kasuku naye akalia.

Mkaguzi aliuliza chipukizi limetoka shamba gani, Kasuku akataja la bibi. Bibi aliitwa kutoka kwenye uzio, alikokuwa akisubiri kuwapungia mkono. Alipowaona wale funza, aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa. Alieleza kwamba migomba yake imekuwa ikianguka tangu msimu uliopita, naye akidhani ni upepo.

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema. "Mwache aende kwa baba yake."

Mkaguzi alilifunga chipukizi ndani ya mfuko wa plastiki ili likachomwe moto, akaahidi kumtuma mtaalamu shambani juma hilohilo. Kisha alimrudishia Kasuku begi.

"Bibi, bandari ni mlango," alisema kwa upole. "Kinachopita hapa hufika kwenye mashamba ya watu tusiowajua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mjukuu wako amesema kweli kabla sijafungua begi, kwa hiyo atasafiri, na migomba yako itatibiwa."

Bibi alimkumbatia Kasuku kwa nguvu.

"Mwambie baba yako ndizi zipo," alisema. "Aje azile hapa."

Kasuku alipanda ngazi ya meli akiwa na begi jepesi. Kabla hajafika juu, mdomo ulikwisharudi kazini.