Herufi Nene za Kidosho

Rangi ya mafuta ikipigwa na jua kutwa nzima hukauka. Hii ilikataa. Burashi, mchoraji wa mabango, aliigusa herufi ya kwanza juu ya mlango wa duka la mkewe, kidole kikarudi chekundu, tena rangi yenyewe ina uvuguvugu.

"Nimezidisha mafuta ya taa," alijisemea. Ndiye Burashi huyo, hakosi sababu.

Herufi zenyewe zilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Alizinakili kutoka ukuta wa ukumbi wa dansi uliofungwa zamani: nene, zenye matumbo, matundu madogo kama ya vifungo, kivuli cheusi ubavuni. Herufi za enzi zile, za kuuzia soda na kuitia watu dansini. Asiyejua kusoma naye husimama akazitazama. Kwa hizo akaandika KIDOSHO, jina la utani la mkewe, mshonaji.

Wateja wakamiminika. Kidosho akaanza kukonda.

"Mke wangu, unakula kweli?"

"Nakula mpaka naona haya," alinong'ona. "Lakini kuna kitu kinatafuna, mume wangu. Pale juu ya mlango. Hukisikii?"

Alikisikia. Mchana kweupe, cherehani imenyamaza, kitu kilitafuna taratibu bila haraka, na harufu ya rangi mbichi iliyochanganyika na damu ikashuka mpaka mezani, na Burashi alipotoka mbio kutazama juu, O zote mbili zilikuwa zimeziba matundu na D imefura tumbo mpaka imemgusa jirani yake.

Akatwaa kisu, akapanda ngazi, akakwangua. Kidosho akapiga yowe ndani. Alimkuta ameshika bega, ngozi imechunika upana wa kisu.

Mganga waliyemwita, mama mmoja mkali, alisimama ng'ambo ya barabara, akakataa kusogea.

"Mwimbaji wa ukumbi ule alikwisha hivihivi, wewe ukaona umeokota urembo! Jini anakaa kwenye maandishi hayo. Ukiandika jina, anamla mwenyewe. Ukilikwangua, unamkwangua mkeo."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Lifunike kwa jina lingine, herufi zilezile. Atahamia huko. Ila liwe la mtu aliye hai."

Burashi akawaza jina la mwenye nyumba. Akawaza, Mungu amsamehe, la mama mkwe. Kisha akamtazama Kidosho amelala, mashavu yamebonyea. Akapanda ngazi. Aliandika BURASHI, na hakupunja hata tumbo la B.

Kidosho aliamka na njaa, akala, akacheka.

"Jamani! Duka la magauni, jina la mwanamume?"

"Wivu tu," alisema Burashi.

Wiki haikuisha. "Mbona suruali inakuvuka? Ilete nikupunguzie kiuno."

Burashi akaishikilia kwa mkono. "Ngoja kwanza, mke wangu. Tusifanye kazi mara mbili."