Aliyemjibia Lukresia

"Lakini nafasi uliikataa wewe mwenyewe, Lukresia."

Lukresia akaibana simu sikioni. Profesa Mwanahawa, aliyemfundisha fizikia ya nyota chuoni Dar es Salaam, alikuwa amempigia kumuuliza tu kazi mpya ya data inaendaje.

"Mimi, Profesa? Nilingoja jibu lenu mpaka nikakata tamaa!"

"Nilipiga, ukawa umelazwa. Akapokea mchumba wako. Nikamwambia umepata nafasi ya PhD Afrika Kusini, gharama zote zimelipwa. Kesho yake akanijibu: 'Anashukuru, ila anaolewa. Nyota ameziacha.'"

Lukresia akakaa palepale kizingitini.

Miaka miwili iliyopita, mchumba wake huyo, Raphael, ndiye aliyemfuta machozi. "Hesabu ulizopigia nyota, Lu, zipigie mahindi," alimwambia, akawa anamnunulia bando ajifunze sayansi ya data. Sasa Lukresia alikuwa akikadiria mavuno kwa kampuni ya nafaka, mabosi wanamsifu. Ndoa yao ilishatangazwa kanisani mara mbili.

Akaenda moja kwa moja kwenye duka la pembejeo la Raphael, hapohapo mtaani kwao Lizaboni.

"Karibu, mke wangu mtarajiwa!"

"Profesa Mwanahawa amenipigia."

Raphael akamrudishia mteja hela yake, akamwomba apite baadaye.

"Lu, ulikuwa unaumwa. Malaria ilikupanda kichwani, hata mimi hukunitambua."

"Nilipopona je?"

Raphael akaanza kupanga upya mifuko ya mbegu.

"Nilipopona je, Raphael?"

"Kila siku nilisema kesho. Baadaye nikaogopa. Ungeenda, usingerudi. Nani anatoka huko akarudi Songea?"

"Ulinikumbatia nikilia. Ukasema hawajui thamani yangu."

"Nilikupenda."

"Kabla sijaugua nilimwambia mama, wakinichukua nitakuomba twende wote. Nilishaulizia hadi vyumba vya wanafunzi wenye ndoa."

Raphael akaishika kaunta kwa mikono miwili.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja jibu."

Akageuka kuondoka. Mlangoni akasema, "Mwambie padri asilisome jina langu Jumapili."

Nyumbani mama yake, Leticia, alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Mwanangu, wenzio wanapigwa. Huyu kosa lake ni kupenda kupita kiasi."

"Mama, alinisikia nikijiita mjinga, naye anajua si kweli. Akanyamaza."

"Na hiyo nafasi?"

"Alipewa mwingine. Wenzangu wameshafika mbali, mimi nyota nimeanza kuzisahau. Kazi yangu sasa ni hii ya data. Naipenda, mama. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata hiki ninachokipenda kanichagulia yeye."

Simu ikalia mlio wa ujumbe: "Lu nisamehe. Niko tayari kuuza duka, twende popote utakapo."

Lukresia akaizima simu.

Jumapili padri akasoma majina ya wachumba wengine. Wanawake wa jumuiya wakageuza shingo kumtazama. Mama yake akainamisha kichwa, Lukresia akakaza macho mbele.

Nje ya kanisa Raphael alikuwa anasubiri, shati halijapigwa pasi.

"Kweli imeisha, Lu?"

"Imeisha."

"Basi nitukane. Niambie unanichukia."

"Ningekuchukia ningepumzika," alisema. "Bado nakupenda, Raphael. Ila kila ukinifariji, nitajiuliza umenificha nini."

Akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Raphael akaita mara moja tu. Mama ndiye aliyegeuka.